Konokono Hafichwi

Fundi cherehani wa nyumba ya kona alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kazini: nguo haitoki dukani kabla nyuzi zote hazijakatwa. Ya pili ilikuwa ya mezani: mikono chini, mdomo juu. Sheria ya kwanza iliwahusu wateja. Ya pili ilimhusu binti yake, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa ninalotaka kulisimulia.

Binti huyo baba yake alimpachika jina la Siafu. Alikuwa mdogo wa umbo, na akishika jambo haachii. Alizaliwa bila kusikia. Angali mdogo, madaktari walimfanyia upasuaji wakampandikizia kifaa sikioni, kule ndani kabisa, kwenye sehemu iliyojikunja kama konokono. Kipande kingine cha kifaa hicho alikivaa nje, nyuma ya sikio. Kilikuwa na waya mfupi na kidude cha mviringo kilichonata kichwani kwa sumaku. Kipande hiki cha nje ndicho kinachonasa sauti. Siafu alikiita Konokono. Wakati wa kulala alimvua. Wakati wa kuoga alimvua. Asubuhi alimvaa, na dunia ikaanza kuongea.

Ila dunia hiyo iliongea kwa kunong'ona, maana juu ya Konokono palikuwa na kofia.

Mama hakuwa mtu mbaya. Shangazi wa Siafu, dada wa baba, ndiye aliyeanza. "Wifi, hilo dude kichwani kila mtu analitazama," alisema. "Mfunike mtoto. Wewe fundi mzima, unashindwaje?"

Basi fundi akashindwa kushindwa. Alichukua kitambaa kizito, akakitia bitana, akashona kofia zenye mabawa yanayoshuka mpaka mashavuni. Kila gauni la Siafu likapata kofia yake. Hata sare ya shule ilipata. Mshono wake huuoni hata ukitafuta. Wateja walisifu, na mama akavimba kichwa.

Na ile sheria ya mezani? Kabla ya upasuaji, Siafu alisoma chekechea pamoja na watoto viziwi. Huko alijifunza lugha ya ishara. Mikono yake ilikuwa na maneno mengi kuliko mdomo wa shangazi yake. Lakini mama aliambiwa mtaani kwamba mikono huiba mdomo, kwamba mtoto akizoea ishara hatasema kamwe. Kwa hiyo Siafu akinyanyua mikono mezani, mama aligonga meza.

"Mikono chini. Umewekewa sikio ili useme."

Siafu alishusha mikono. Kisha alikula kimya mpaka mwisho.

Jioni moja Siafu alirudi shuleni kofia ikiwa mkononi. Mama alikuwa akikanyaga cherehani, akishona zipu.

"Kofia imefanya nini?" mama akauliza.

Siafu alimpita. Alienda moja kwa moja kwenye rafu, akatoa kopo la vifungo. Akamvua Konokono. Akamlaza juu ya vifungo, akafunga kifuniko.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki nini? Kirudishe kichwani."

Mtoto alimtazama tu. Mama akapaza sauti. Alijua fika kwamba haisaidii, mtoto amekwisha kujizima. Akapaza tena. Jirani wa ukuta wa pili alisikia kila neno, na Siafu hakusikia hata moja.

Asubuhi ilikuwa yale yale. Mama alibembeleza, akatishia, akaahidi viatu vipya. Mwishowe akamshika mtoto kichwa, amvalishe kwa nguvu. Siafu akafanya kile siafu wanachofanya. Akamng'ata mkono.

"Umeona?" mama alimwambia mumewe, akimwonyesha alama za meno. "Jina baya hilo. Umemwita hivyo, amekuwa hivyo."

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Aliutazama mkono wa mkewe kwa makini. "Meno yamejipanga vizuri," akasema. Mama hakucheka.

Jumamosi mama alikuwa na magauni ya kumalizia, kwa hiyo baba alienda na Siafu karakana. Mchana mama aliwapelekea chakula. Alisikia kelele kabla hajaona geti. Mashine ya kusaga chuma ilikuwa inalia mpaka meno yanakufa ganzi. Kwenye benchi la kunywea chai, mbali na cheche, alikaa Siafu. Konokono hakuwepo. Na mtoto alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Mama akasimama kuangalia. Katika kelele ile mafundi hawakusumbuka kusema. Mmoja alizungusha kifundo cha mkono, akarushiwa spana. Mwingine aliinamisha kiganja kuelekea mdomoni, akaletewa chai. Wa tatu alivuta ukosi wa shati, na wote wakajifanya wana kazi, kwa sababu tajiri alikuwa anaingia. Siafu alikuwa anazijua ishara hizo zote. Tena alikuwa amewafundisha nyingine. Fundi mnene kuliko wote alikuwa anajaribu kusema "tembo" kwa mikono, na Siafu alikuwa anamsahihisha.

Mama aliona wivu. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Binti yake alikuwa hajacheka hivyo nyumbani kwa muda mrefu. Akamvuta mumewe nje ya geti.

"Unamfundisha ububu."

"Nimefanya kazi hapa tangu kabla sijakuoa," baba akasema. "Kutwa naongea kwa mikono. Sasa niambie, nikirudi nyumbani, huwa nimesahau kusema?"

"Ningeshukuru ungesahau."

"Basi mikono haikuniibia mdomo. Itamwibia yeye kwa nini?"

Mama alimkabidhi kapu la chakula, akaondoka amenuna. Lakini neno lilikuwa limemwingia. Wiki iliyofuata alifunga duka, akatia kopo la vifungo kwenye mkoba, akampeleka Siafu kliniki ya masikio.

Mtaalamu wa usikivu alikuwa mama wa makamo, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba.

"Dokta, mwanangu amekuwa mkaidi," mama alianza.

"Mimi si daktari, dada, mimi ni mtaalamu wa usikivu. Ila niite upendavyo, bora tusikilizane." Kisha akafanya jambo ambalo mama hakulitegemea. Alimpa mama kiti, akageuka, akapiga magoti mbele ya Siafu, na mikono yake ikaanza kusema.

Siafu alishtuka kidogo. Kisha mikono yake nayo ikafunguka. Waliongea hivyo kwa kitambo. Mama alikaa pale na mkoba mapajani, mgeni kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Mnasema nini?" akauliza mwishowe.

"Nimemuuliza nani amemuudhi. Ameniuliza, nianze na shule au nianze na mama?"

Mama akaukaza mkoba. "Anza na shule."

"Darasani hasikii vizuri. Mwalimu anamwambia ana mawazo mengi. Siku ile alipokivua, wenzake walimvua kofia, wakaona kifaa, wakamwita Redio. Walimwita hivyo mpaka kengele ya mwisho." Mtaalamu akanyoosha mkono. "Hiyo kofia umekuja nayo?"

Ilikuwa mkobani. Mtaalamu aliifinya kwa vidole, akaipima uzito. Kisha akatoa visikilizio vyenye waya, akaviunganisha na kipande cha nje cha kifaa. "Vaa masikioni. Utasikia kile anachonasa Konokono."

Mama akavaa. Mtaalamu akasema, "Habari za asubuhi, fundi." Sauti ilikuwa safi. Kisha akakifunika kifaa kwa kofia, akarudia maneno yale yale, huku akiitikisa kofia kidogo, kama inavyotikisika mtoto akitembea.

Mama alisikia kitambaa kikikwaruza. Kilikwaruza bila kupumzika. Nyuma ya makwaruzo hayo kulikuwa na mtu anaongea, ila maneno yalikuwa yamezama.

"Si hivi hasa anavyosikia yeye," mtaalamu akasema. "Kwake sauti hupita njia nyingine mpaka ubongoni. Lakini hiki ndicho kinachoingia. Kikiingia kibovu, hakifiki kizuri. Tena kitambaa kizito hivi kinaweza kuisukuma ile sumaku itoke mahali pake."

Mama alivua visikilizio taratibu. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu. "Ni kitambaa kizuri," akasema, maana hakujua aseme nini.

"Kizuri sana. Kitafaa kwa mkoba."

Hata hivyo mama hakuwa wa kusalimu amri upesi. Siafu hakuokota ukaidi barabarani. "Sawa, kofia ni kosa langu," akasema. "Lakini hata nyumbani, bila kofia, alikuwa akifika tu anataka kukivua. Huo nao ni kofia?"

"Huo ni uchovu. Wewe unasikia bila kufanya lolote. Yeye anafanya kazi. Darasa lina kelele, viti vinaburuzwa, watoto watatu wanasema kwa pamoja. Yeye ananasa kipande hapa, kipande pale, anaviunga vipate maana. Ungeshona kutwa nzima kwa taa hafifu, jioni ungetaka nini?"

"Kufumba macho."

"Na yeye anataka kufumba sikio. Mwachie nafasi ya kupumzika akitoka shule. Baadaye atakivaa. Lakini kikikaa koponi wiki na miezi, hapo tutapoteza. Mazoea ya kusikia hufifia yasipotumika. Ukimvalisha kwa nguvu nako tutapoteza, kwa sababu atakichukia maisha yake yote. Lazima atake mwenyewe."

"Na hiyo mikono?"

"Mikono haiibi mdomo, dada. Aliyekwambia hivyo amekudanganya. Mtoto mwenye lugha mbili ana milango miwili. Huu ukifungwa, anatokea kule. Akiwa anaoga, betri ikiisha, akishakivua alale, wewe unamwambiaje kwamba unampenda?"

Mama alikuwa anahesabu jioni zote alizogonga meza, na hesabu haikuisha.

"Muulize," akasema kwa sauti ndogo. "Muulize kwa nini hasa alikivua. Kuitwa Redio tu? Mtoto huyu ninavyomjua, angemtia mtu meno."

Mtaalamu akauliza. Siafu alijibu kirefu, akionyesha mama yake, akionyesha kofia, akichora gauni refu hewani. Mtaalamu alisita kabla ya kutafsiri.

"Anasema, mama anashona vitu ili watu waone. Gauni la bibi harusi unalitundika mlangoni, kila apitaye alione. Kitu kimoja tu umekishonea kisionekane. Kwa hiyo hiki ni kitu kibaya. Na kitu kibaya yeye hataki kukivaa kichwani."

Iliuma. Mama alilia pale pale, mbele ya mtu asiyemjua, wala hakujificha. Alipotulia, alimwomba mtaalamu amfundishe ishara moja. Akajaribu kumwambia mwanawe "nisamehe." Vidole vyenye alama za sindano vilikosea. Siafu aliutazama ule mkono wa mama, akaushika, akaurekebisha, akamwamuru arudie.

Usiku uliofuata sheria ya mezani ilifutwa, na tangu hapo Siafu akawa anamfundisha mama ishara kila jioni. Baba alikuwa wa kwanza kunyanyua mikono, akaomba chumvi, ila kwa mazoea ya karakana akatoa ishara ya kuomba nyundo. Mama akashika mkasi baada ya kula, akafumua kofia zote. Kufumua humchosha fundi kuliko kushona, naye alifumua mpaka ya mwisho. Kisha akaweka kopo la vifungo juu ya meza ya cherehani, akafungua kifuniko, akamwambia Siafu kwa mdomo na kwa mikono: "Chako. Ukitaka."

Siafu hakutaka. Kesho yake hakutaka, na siku iliyofuata vile vile. Mikono ya mama ilimwasha. Kila alipopita mezani alimwona Konokono amelala kati ya vifungo, akatamani kumkamata mtoto amvalishe yaishe. Hofu ilimjaa. Aliona maneno ya mwanawe yakipotea moja moja kama vifungo vilivyolegea.

"Mwache," baba akasema.

"Nimemwacha."

"Umemwacha kwa mikono. Macho bado yanamng'ang'ania."

Mama aliona heri ajishughulishe. Alifunga kanga ya kazi, akaenda shule. Mwalimu wa darasa alimpokea vizuri, akaanza tena habari ya mtoto mwenye mawazo mengi.

"Mwalimu, ngoja," mama akasema. "Binti yangu si mzembe, wala si mjinga. Kosa la kofia ni langu, nimelifumua. Lakini nimesimama dirishani kwako. Unaandika ubaoni huku unaongea na ukuta. Hilo ni kosa lako. Nani atalifumua?"

Mwalimu akacheka, na hiyo ndiyo sifa yake. "Nifanye nini, mama?"

Mama akamweleza yote aliyoyapata kliniki. Siafu akae mbele, pembeni, mahali anapoona uso wa mwalimu na nyuso za wenzake pia. Mwalimu amalize kuandika kwanza, ndipo ageuke aseme. Wanafunzi waseme mmoja mmoja. Na asiulizwe "umesikia?", kwa sababu mtoto aliyechoka atasema ndiyo ili aachwe. Aulizwe, "nimesema nini?"

"Na hilo jina la Redio likome," mama akamalizia.

"Litakoma," mwalimu akasema. Akayafanya yote hayo siku hiyo hiyo.

Bado kopo lilikuwa wazi mezani na Konokono ndani yake.

Pale kliniki palikuwa na mkutano wa watoto wenye vifaa kama cha Siafu. Mama alimpeleka Jumamosi. Siafu aliingia akiwa amekunja uso. Ndani alikuta watoto wanakimbizana. Mmoja alikuwa na kifaa cha bluu. Mwingine amekibandika picha ya simba. Msichana mkubwa, karibu kuhitimu shule, alikuwa amenyoa upande mmoja wa kichwa makusudi ili kifaa chake kionekane barabarani. Alikuwa anaongea kwa mdomo na mikono kwa wakati mmoja, na wadogo wote walimfuata kila alipokwenda. Siafu alimkodolea macho asubuhi nzima.

Waliporudi, Siafu hakuvua hata viatu. Alipindua boksi la vipande vya vitambaa sakafuni. Alitupa vya kijivu, akatupa vya samawati. Akachomoa kipande chekundu chenye nukta za manjano, kitambaa ambacho mteja mmoja alikikataa kwa kusema kinapiga kelele. Akakiweka juu ya cherehani. Akachukua chaki ya fundi, akachora mezani ukanda wa kichwa, na mahali pa sikio akachora tundu kubwa.

"Shona," akasema kwa mdomo. "Chembamba. Wazi hapa. Aonekane."

Mama alishona huku machozi yanamchanganyia nyuzi. Ukanda ulipokamilika, Siafu aliingiza mkono kwenye kopo, akamtoa Konokono, akampuliza vumbi. Akamvaa mwenyewe. Sumaku ikanata. Akasimama kidogo, akisikiliza.

"Cherehani yako inapiga kelele," akasema.

"Siku zote," mama akajibu, na akakanyaga tena ili mtoto asikie vizuri.

Jumatatu Siafu aliomba asimame mbele ya darasa. Akageuka upande, akawaonyesha kichwa. "Huyu ni Konokono. Ndani kuna kipande kingine, hamwezi kukiona. Mkitaka kuniita, njooni mbele yangu. Mkiniita kwa nyuma, mnapoteza muda wenu." Kisha akamgeukia msichana aliyeanzisha jina lile. "Na mimi si Redio. Redio inaongea tu, haisikilizi. Kama wewe." Darasa lilicheka, mwalimu akajikohoza. Kufikia mwisho wa muhula yule msichana alikuwa ameketi kando ya Siafu, anajua kuomba kifutio kwa mikono. Katika ripoti mwalimu hakurudia habari ya mawazo mengi. Aliandika kwamba Siafu anauliza maswali, wakati mwingine kupita kiasi.

Kisha shangazi akaja kupimwa gauni.

Alisimama katikati ya duka, mikono ameinua, naye mama akimzunguka na futi ya kupimia. Siafu alimwamkia. Shangazi aliitikia, akaona ule ukanda mwekundu.

"Wifi, kwani kofia zimekwisha? Barabara nzima itaona."

"Ndiyo, wifi," mama akasema. "Hata wasio na miwani."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Atakayekuja kusemea hapa aje na kitambaa, nimpime huku anasema." Mama akatia pini midomoni, akaanza kubana kiuno.

Shangazi hakutosheka. Akamwinamia Siafu, akaanza kwa sauti ya huruma, ile inayouma kuliko tusi. "Mwanangu, mtoto mzuri kama wewe, si afadhali ujifiche kidogo? Mimi nasema kwa kukupenda."

Siafu alimsikiliza mpaka hapo. Akanyanyua mkono, akabandua sumaku kichwani, akamkamata Konokono kiganjani.

"Malizia tu, shangazi," akasema kwa adabu zote. "Maneno hayo yakiisha, niguse bega. Nitamvaa."

Shangazi akamgeukia mama. "Wifi, unamruhusu mtoto anizime mimi?"

Mama alikuwa na pini mdomo mzima. Hakuweza kusema. Akaachia futi, akanyanyua mikono miwili, akajibu kwa utulivu, ishara moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.

"Anasema nini?" shangazi akauliza. "Siafu. Mama yako anasema nini?" Akamgusa mtoto begani, akamwonyesha mama yake kwa kidole.

Siafu akamrudisha Konokono mahali pake, akauweka ukanda sawa.

"Anasema kichwa ni changu," akatafsiri. "Na wewe geuka, abane mgongo."